Boriti za Gulbaz na Zangu

Bismillahi. Niinueni kidogo, wanangu, pumzi imekuwa fupi. Spogmai, futa machozi, utalia nikishamaliza. Na wewe Jandad, usiangalie chini: msumeno nimeusikia asubuhi. Mgonjwa si kiziwi.

Shamba la miwa ni lenu, na Spogmai apewe fungu lake kama Mungu alivyoagiza, si kama desturi yetu inavyomdhulumu. Lakini hujra, nyumba yetu ya wageni, msiikate. Mnasema boriti za mashariki ni zetu, za magharibi ni za wana wa Gulbaz, kila mtu achukue chake. Sikilizeni zilivyofika pale.

Mimi na binamu yangu Gulbaz tulikuwa hatusalimiani kwa ajili ya maji ya mfereji. Mwingereza naye alikuwa na sheria yake ya mpakani: akikosa mmoja, huadhibiwa ukoo mzima, bila wakili wala rufaa. Gulbaz alipovaa shati jekundu la wale walioapa kumpinga Mwingereza bila kushika silaha, ofisa wa Kiingereza akaamuru nyumba yake ibomolewe, na sururu akanipa mimi, kwa kuwa alijua uadui wetu.

"Haya, Zarawar," akasema, "leo ni siku yako."

Gulbaz akanitazama. "Piga, binamu. Si ndiyo dua yako ya kila Ijumaa?"

Ananitania mbele ya bunduki! Niliitupa sururu mferejini, kwenye maji yaleyale tuliyogombania. Yule ofisa hakujua kwamba ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Kwa hilo hata nyumba yangu ilibomolewa kabla ya magharibi. Kesho yake mama yenu, Mungu amrehemu, alilitia shati langu rangi nyekundu, na vijana waliokuwa wakijificha wakaja kuomba rangi iliyobaki sufuriani. Mashati mekundu yakajaa kijiji kizima.

Boriti zilizosalia, zake na zangu, tukazilaza chini ya paa moja, la hujra. Mwingereza amekwenda zake. Alichoshindwa kukigawa yeye, mtakigawa nyinyi?

Nikifa, nilazeni hujrani. Jeneza wana wa Gulbaz washike mbele, nyinyi nyuma. Kawaiteni sasa, ningali... ningali nawajua kwa sauti.

Mungu awape riziki ya halali na watoto wanaosalimiana.

Maji? Hapana, acha. Ule msumeno, Jandad. Ulete. Uweke hapa, chini ya mkono wangu. Hapo... hapo hapo.