Ukurasa Niliotaka Kuuchana

Mheshimiwa Meya, Baba Paroko, Ndugu Drejc kiongozi wa kikosi chetu cha uokoaji, ndugu wanachama wa Chama cha Wapanda Milima, ndugu wageni waalikwa, na wewe Bi Slavka Podlipnik, ambaye leo tumekukataza kabisa kuingia jikoni: nawasalimu nyote kwa heshima.

Tumekusanyika kumuaga mtu aliyeitunza nyumba hii ya mlimani kwa miaka ishirini na saba. Nimepewa nafasi ya kusema kwa kuwa nilikuwa mwenyekiti wa chama kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo, na nadhani pia kwa kuwa nilifundisha jiografia shuleni, na watu wa bonde hili wanaamini kwamba mwalimu mstaafu asipopewa nafasi ya kusema ataichukua mwenyewe. Lakini sitasimulia miaka ishirini na saba. Nitasimulia alasiri moja tu ya Septemba, miaka sita iliyopita, kwa sababu kuna neno ambalo nimekuwa nikilikwepa tangu siku hiyo.

Mnajua kitabu kinachokaa pale mlangoni. Mpandaji akifika anaandika jina lake, alikotoka na anakokwenda, ili akipotea tujue pa kumtafuta. Safu ni tatu, nami ndiye niliyezichora. Je, kuna jambo rahisi kuliko hilo? Nilikuwa nikipanda huku kila mwezi kukikagua kitabu hicho, na kila nikikuta mtu ameandika shairi au amechora mbuzi, namlaumu Bi Slavka. Naye hunijibu kwamba mbuzi huyo amechorwa vizuri.

Siku hiyo nilikuta balaa kubwa kuliko mbuzi. Mwanamke mmoja, msafiri mwenye shanta mgongoni, alikuwa amejaza ukurasa mzima. Jina lake ni Tuulikki Harjula, mkutubi kutoka Ufini, na leo amekaa pale kwenye kiti cha tatu. Alikuwa ametembea tangu Ureno, na kila nyumba ya wageni aliyolala alikuta kitabu mlangoni cha wageni kuandika maoni yao. Akadhani na chetu ni hivyo. Safu ya anakokwenda aliipita juu kwa juu kana kwamba haikuchorwa.

Aliandika kwamba Wareno hunywa kahawa wamesimama, lakini huizungumzia wamekaa. Kwamba Italia mzee mmoja asiyemfahamu alimwondolea kikombe cha kahawa ya maziwa mbele yake, kwa kuwa saa sita ilikwisha kupita, akamwambia, "Binti yangu, utaumwa tumbo." Kwamba Austria aliwaona watu kumi wakingoja taa ya kuvukia iwake, barabara ikiwa tupu hadi upeo wa macho, na yeye akangoja nao kwa aibu. Kwamba hapa kwetu Slovenia mgeni hupewa sapatu kabla ya kupewa kiti. Kisha akamalizia hivi, na maneno haya ninayajua kwa moyo: "Kwetu Ufini ukimsalimia mtu usiyemjua, atadhani umelewa. Hapa mlimani kila mtu ananisalimia kama shangazi yake. Lakini mtu huyohuyo nikimkuta kituo cha basi, ananitazama kama mti. Nataka kujua salamu inaishia wapi."

Ndugu zangu, ni kweli au si kweli? Mheshimiwa Meya, mlimani unanisalimia kila mara, lakini benki je? Nami pia sikusalimii. Tumezaliwa tukifanya hivyo, wala hakuna aliyewahi kujiuliza mpaka alipokuja mgeni na daftari.

Lakini siku hiyo sikucheka. Nilisema kwa sauti kwamba ule ni upuuzi, kwamba kitabu cha usalama si cha porojo, nikaushika ukurasa ule kwenye kona ili niuchane.

Bi Slavka alitoka na ufagio mkononi. Hakupandisha sauti. Alisema, "Toa mkono wako hapo, Mwalimu. Mwenye ukurasa huo aliagiza chakula cha saa saba, na sasa ni saa tisa."

Nilitazama nje. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye paa, na mvua ya baridi ilitabiriwa kabla ya jioni. Shanta yake kubwa ilikuwa bado chini ya ngazi. Alikuwa ameondoka na koti jepesi tu.

Tulimpigia simu Ndugu Drejc, naye akauliza swali ambalo mwokoaji lazima aulize: ameshika njia gani? Mnajua kwamba hapa kuna njia tatu: ya ziwani, ya mgongo wa mlima, na ya malishoni inayoteremka hadi barabarani. Nikajibu kwa uhakika wa mtu aliyefundisha ramani miaka thelathini na minne: ya mgongo wa mlima, kwani wageni wote hukimbilia mandhari.

Bi Slavka alikuwa anausoma ukurasa kwa mara ya pili, kidole kikifuata mistari. Akasema, "Hakwenda kuangalia mandhari huyu. Kaenda kuhesabu watu. Na wa kuwahesabu mpaka salamu iishe wako njia ya barabarani."

Nilimwambia kwamba hatuwezi kumtuma Drejc kwa dhana. "Basi tuulize," akasema. Watu walikuwa wakiingia kutoka kila upande kukimbia ukungu. Akasimama mlangoni, na hakuna aliyepewa hata kijiko cha supu ya shayiri kabla ya kueleza amepita wapi na kama amesalimiwa na mwanamke mwenye daftari. Wa ziwani, hapana. Wa mgongo wa mlima, hapana. Kisha wakaja mtu na mkewe kutoka malishoni, mume bado amenuna. "Alitusalimia, ndiyo," akasema. "Akaniambia mimi ni wa kumi na saba, na mke wangu wa kumi na nane. Nimemuuliza wa kumi na nane katika nini, akacheka tu." Mke akamwambia, "Umefurahi mwenyewe kutangulia."

Baada yao akaja mchuma uyoga. Yeye alikuwa wa thelathini na moja, na alimkuta kwenye hori la kunyweshea ng'ombe. Wa mwisho alikuwa fundi wa jibini, aliyekaa mlangoni pa kibanda chake, chini kidogo ya hori, tangu asubuhi hadi alipopanda huku. Hakumwona mtu huyo wala hakusalimiwa. Kati ya hori na kibanda ni mwendo wa dakika ishirini. Je, kuna ramani ambayo ingetuonyesha hivyo? Safu yangu ingetuambia "barabarani", basi, na tungetafuta kilomita tisa.

Drejc na wenzake walimkuta korongoni, kati ya hori na kibanda, kabla ya saa kumi na moja, mguu umevunjika, midomo ya buluu, mvua ndiyo kwanza inaanza. Drejc alimwambia habari za mchana, kama tunavyofanya. Tuulikki akamtazama akasema, "Thelathini na mbili," kisha akalia. Simu ilipoita hapa, Bi Slavka alisikiliza, akaweka mkono ukutani, akakaa sakafuni. Mimi nilikwenda nje kwa sababu nilikuwa nalia, na mwenyekiti halii mbele ya wanachama.

Kwa miaka sita nimekusifu katika ripoti za mwaka, Bi Slavka, kwa usafi na kwa supu, kwa kuwa kusifu ni kwepesi kuliko kukiri. Leo nakiri mbele ya Meya na Paroko. Mimi nilisoma ukurasa ule nikaona kosa. Wewe uliusoma ukamwona mtu. Kama ungenitii siku ile, leo Tuulikki asingekuwa kwenye kiti kile. Naomba unisamehe.

Bi Slavka anatikisa kichwa na kunionyesha mahali pa kukaa. Kwa wanaomfahamu, hiyo ndiyo namna yake ya kusema ndiyo, nami sijapata kuketi nikiwa mwepesi hivi. Nawashukuruni nyote kwa subira yenu, na asanteni kwa kumsikiliza mzee.