Nani Atatia Mkono Mferejini

Benchi lenyewe ni ubao mmoja juu ya matofali, mbele ya kibanda cha kinyozi, na wanaokalia huning'iniza miguu juu ya mfereji. Hapo dunia hutengenezwa kwa kahawa kila asubuhi. Siku hiyo lakini palikuwa na kazi. Mama Cherehani, fundi nguo wa kibanda cha pili, alikuwa amewaomba jana yake wanaume watatu wa benchi wazibue mfereji, maana mvua iliyopita iliingia kwake ikalala na vitambaa vya watu, na sasa sare za shule nzima zilikuwa zimetandazwa sakafuni zikingoja mkasi. Zikilowa hizo, kazi anapewa mwingine, na yeye anarudi kushona vifungo. Wanaume wakaapa: kesho asubuhi na mapema. Kisha, kwa akili zao timamu, wakaenda banda la video kutazama sinema ya mnyama anayeishi mferejini na kula watu kuanzia miguuni. Asubuhi jozi zote tatu za miguu zilikuwa zimekunjwa juu ya benchi.

Mwenye hali mbaya zaidi alikuwa kinyozi, waliyemwita Waziri kwa wingi wa ahadi. Nusu ya picha aliitazama kupitia taulo. Usiku hakuthubutu kwenda uani. Alibana mpaka kukapambazuka, akamwambia mkewe ni tumbo tu.

— Ile picha ni fumbo, alisema Waziri, macho kwenye maji meusi. Mnyama ni bosi. Hamkuona? Wanaoliwa ni wa vyumba vya chini. Wa ghorofani wanatupa maganda, wanafunga pazia.

— Bosi gani ana magamba? aliuliza Soli, fundi viatu. Yule ni baba mwenye nyumba. Anatokea mwisho wa mwezi, na ukimwambia paa linavuja anafungua mdomo tu.

Komando, mlinzi wa ghala, alijimiminia kahawa bila kushusha mguu.

— Watoto nyie. Yule ni mgombea. Alipokuwa mdogo kama panya walimlisha wenyewe, wakamwita mwanetu. Alipoota shingo akaanza na waliomlisha.

— Na wale waliokuja na kamera, wakalitazama shimo, wakaondoka? aliuliza Soli.

— Hao jamaa zake upande wa mama.

Mama Cherehani akatokea, futi ya kupimia shingoni.

— Shemeji zangu, wingu lile mnaliona?

— Tunaliona, shemeji, alisema Waziri. Lakini wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui kina chake.

— Kina chake ni goti. Unanywa kahawa juu yake kila siku.

— Na mtaka cha uvunguni sharti ainame, akaongeza Komando. Mimi cha uvunguni sikitaki, kwa hiyo mgongo wangu hauhusiki.

— Si wewe ndiye Komando? aliuliza Mama Cherehani.

— Wa nchi kavu.

Soli akashusha sauti.

— Mimi nawaambia hakuna fumbo. Meno yale si ya kutengeneza. Wenye picha walikuwa naye kweli. Sasa picha imeisha, mnyama mkubwa vile unampeleka wapi? Unamtia mfereji wa kwanza unaouona.

Watu wazima watatu wakatazama chini. Povu likapanda, likapasuka. Waziri akajiambia ni hewa. Akajiambia tena, maana mara ya kwanza hakujiamini.

Mama Cherehani hakungoja fumbo la nne. Akakunja gauni, akashuka mferejini, akatia mkono mpaka begani chini ya kifuniko cha zege kando ya benchi. Akashika dude fulani, akavuta. Halikuja. Mpangaji mpya wa chumba cha uani alikuwa anapita na ndoo; picha hakuiona na kahawa hakualikwa. Akaitua ndoo, akashuka kumsaidia.

Likatoka.

Lilikuwa na ukubwa wa mbuzi, lina manyoya mwili mzima, linachuruzika, na ndimi nyeusi zinaning'inia kila upande. Komando alikuwa wa kwanza kuvuka barabara. Soli akamfuata na kikombe mkononi. Waziri akajifungia kibandani mwake, akaegemeza kiti mlangoni, kisha akachungulia dirishani.

Akaona mvi. Akaona nyeusi. Akaona na zile nyekundu za mwalimu wa kwaya, anayedai hapaki rangi. Mnyama huyu alimfagilia mferejini mwenyewe, jioni baada ya jioni.

Akatoka taratibu, kama mtu aliyekuwa anatafuta kitu ndani.

— Ni nywele, alisema.

— Za kichwa gani? aliuliza Soli kutoka ng'ambo.

— Za vichwa vyote.

— Na zile ndimi?

— Ndimi ni soli zako, ndugu yangu. Na hiyo mifuko ya mkate tumboni, Komando, usijifanye unatazama wingu.

Mfereji ukagugumia, maji yakaondoka. Tone la kwanza likaanguka, na Mama Cherehani akakimbilia mkasi wake bila kumuaga mtu.

Mpangaji mpya akalibeba lile lidude, akaliweka benchini, penye nafasi ya kutosha.

— Hili linatupwa wapi? aliuliza.

Komando akamtazama Soli. Soli akamtazama Waziri. Waziri akakohoa kama anayetaka kuahidi. Tangu wazaliwe walijua mahali pamoja tu pa kutupia vitu, na macho yao yote sita yalikuwa yamekwisha kuelekea mferejini.