Stambuli Salehe na Swali Lililomwokoa Mzee Mosi

Leo, tarehe 31 Machi 1913, Bwana Stambuli Salehe anavua aproni yake baada ya miaka kumi na mitano katika zahanati ya serikali, Morogoro. Aliajiriwa kubeba maji, akawa mfunga vidonda, kisha mwuguzi mkuu, cheo alichokitangaza hata kwa wasiouliza.

Watu husalimiana kwa habari za nyumbani. Stambuli huuliza habari za mkojo. Aliwahi kumuuliza baba mkwe wake mbele ya wageni wa harusi, na mkewe, Bibi Mwanaasha, hajamsamehe mpaka leo.

Hata hivyo, Mzee Mosi wa Mikese yu hai kwa sababu ya swali hilo. Aliletwa kwa machela mwaka reli ilipofika, siku ya Idi: miguu imevimba, anatapika, na tangu jana yake hajapata hata tone la mkojo. Jamaa zake walikwisha kuulizia sanda. Daktari alihofia homa ya mkojo mweusi, ambayo huharibu figo ghafla. Stambuli akaanza kuuliza. Ameharisha? La. Amekunywa dawa za mizizi? La. Mkojo wa mwisho ulikuwaje? Mzee akageuza uso. Mke wa mwanawe alikuwa amesimama pale pale.

"Jamani, tupisheni kidogo," Stambuli akasema.

Walipotoka, mzee alinong'ona, "Mwanangu, ni miezi sasa. Nasimama mpaka nachoka, yanatoka matone tu. Ningemwambia nani?"

Stambuli akampapasa chini ya kitovu, akakuta kibofu kimejaa, kigumu kama boga. Daktari naye akagusa, akaitikia kwa kichwa: njia ilikuwa imeziba, mkojo umerudi nyuma na kuzilemea figo. Akapitisha mpira mwembamba kwenye njia ya mkojo. Mkojo uliruka ukailowesha kanzu mpya ya Idi ya Stambuli. Sisi wenzake wa zahanati tulikimbia; yeye alibaki palepale, ameshika beseni, anacheka kama aliyepewa zawadi.

Uvimbe ulipungua siku hadi siku. Asubuhi moja Mzee Mosi aliomba ugali, na mke wa mwanawe akalia kwa furaha.

Bwana Stambuli, asante kwa kutuonyesha kwamba mgonjwa huondolewa aibu kwanza, ndipo hupewa dawa. Nenda shambani kwako Mzinga ukapumzike. Tunakuombea siha na miaka mingi ya raha, na tunamwombea Bibi Mwanaasha subira.