Mama Awinja na Fahali Wawili wa Taa

Jumanne, tarehe 30 Juni 1998, Bi. Pascalia Awinja wa chumba cha kompyuta atafunga droo yake kwa mara ya mwisho. Atakuwa amekitumikia kiwanda chetu cha sukari kwa miaka ishirini na minne, miezi minne na siku ishirini na tatu. Katika muda huo wote alichelewa kazini mara moja, siku ambayo mto ulisomba daraja, na hata siku hiyo alileta barua.

Alianza mwaka 1974 akiwa karani wa mizani, akiandika kwa kalamu uzito wa kila trela la miwa. Mwaka 1979 kompyuta ya kwanza iliwasili, ikiwa kubwa kama kabati mbili za nguo, naye akapelekwa Nairobi kwa mafunzo ya wiki sita. Alirudi akijua kuandika programu. Alirudi pia akijua jambo ambalo halikuwa kwenye mafunzo: mashine inayoweza kuchapa orodha ya matrekta inaweza kuchapa picha. Krismasi ya mwaka huo ukuta wa kantini ulipambwa kwa fahali wa mita mbili, aliyechapwa kwa nyota na herufi X.

Fahali huyo alikuwa na miguu mitano. Bi. Awinja alikosea kuhesabu safu za herufi. Alipotaka kumrekebisha, wapishi walikataa katakata. "Mwache hivyo hivyo," walimwambia. "Wa miguu minne tunawaonanga kila siku."

Wanaomfahamu hawakuuliza kwa nini alichora fahali. Baba yake, Mzee Nehemiah wa Iguhu, alifuga fahali wa kupigana, na asubuhi za pambano wasichana walikatazwa kukaribia zizi. Pascalia alitazama kupitia ufa wa ua. Anasema alijua pembe za fahali wa baba yake vizuri kuliko alivyojua shairi lolote la shule.

Kazi iliyompa jina ilikuja Mei 1986. Mizani mbili za langoni ziliunganishwa na kompyuta, na juu yake ukawekwa ubao wa balbu mia tatu themanini na nne wa kuita namba za matrekta. Bi. Awinja aligundua kwamba kati ya namba moja na nyingine ubao ulikaa giza, na madereva walikaa wakilalamika. Akaandika programu. Trekta likipanda mizani ya kushoto, fahali wa taa alitokea kushoto. Likipanda ya kulia, alitokea wa kulia. Wakakutanisha pembe. Mwenye mzigo mzito zaidi alimsukuma mwenzake hadi ukingoni.

Kwa desturi ya foleni, matrela yaliyotoka Musanda yalipita kushoto na ya Iguhu kulia. Haikuchukua siku tatu kabla ya kila upande kuwa na fahali wake. Musanda walidai yule wa miguu mitano, wakampata. Watu wa kiwanda waliokuwa na zamu ya mapumziko walianza kula chakula chao langoni. Ubao haukuwa na sauti, hivyo madereva walijazia kwa honi.

Lawama nazo zilianza. Kila Musanda waliposhindwa, dereva wao mkuu, Bw. Were, alichungulia dirisha la chumba cha kompyuta. "Mama Awinja, huyu wetu umemnyima obusuma, ugali wake? Ama ni kwa sababu wewe ni wa Iguhu?" Jibu lake lilikuwa moja siku zote: "Were, fahali wako anakula unacholeta."

Bw. Were alilichukua jibu hilo kama ushauri. Ijumaa ya tarehe 15 Agosti alifika na trela lililojazwa hadi miwa ikaburuta barabarani pande zote mbili. Lilipopanda mizani, ekseli ilikatika. Miwa ilimwagika, mizani ya kushoto ikafunikwa, foleni ikaziba, na kwa saa nne na dakika ishirini kinu kilisimama kwa kukosa miwa. Kwa kuwa mzigo ulibaki juu ya mizani, fahali wa Musanda naye aliendelea kusukuma kwa saa nne na dakika ishirini. Mashahidi wanakubaliana kwamba Bw. Were alisimama juu ya lundo la miwa akisema, "Ekseli imevunjika, lakini mmeona?"

Jumatatu iliyofuata Bw. Maina, wakati huo meneja wa uzalishaji, aliandika barua yenye hoja tatu. Fahali wafutwe. Ubao urudie kazi ya kuita namba. Bi. Awinja aondolewe kwenye programu na kurudishwa kuandika uzito kwa kalamu, kuanzia siku ya kumi na nne baada ya barua.

Bi. Awinja aliipeleka barua ile ofisini kwa meneja mwenyewe. "Bwana Maina," alisema, "nipe hizo siku kumi na nne. Fahali hana kosa. Kosa ni chakula. Nilimlisha uzito, acha nimbadilishie."

"Utamlisha nini?"

"Saa."

Muwa uliokatwa hupoteza sukari kila saa unapolala shambani. Saa ya kukatwa ilikuwa tayari kwenye tiketi ya kila trela, ila hakuna aliyeisoma. Katika programu mpya, fahali mwenye nguvu alikuwa yule wa miwa iliyokatwa karibuni. Na kwa kuwa aliwafahamu madereva wake, aliongeza sharti moja: trekta likifika upesi kuliko trekta linavyoweza kwenda kwa usalama, fahali wake alipiga magoti na kulala. Bw. Were alilala mara mbili mbele ya umati, akajirekebisha.

Kabla ya barua ile, miwa ilifika langoni saa hamsini na moja baada ya kukatwa, kwa wastani. Siku ya kumi na nne wastani ulikuwa saa thelathini na tatu. Wakataji wa Musanda walikuwa wakiharakishwa kwa maneno, "Pakieni, fahali ana njaa!" Bw. Maina aliisoma karatasi ya hesabu mara mbili, akaandika pembeni mwake: "Majaribio yaendelee wiki mbili."

Wiki mbili hizo zimedumu karibu miaka kumi na miwili. Barua ya kuwafuta fahali haijawahi kutenguliwa. Kila Jumatatu ya pili Bi. Awinja amepeleka karatasi ya hesabu, na kila mara imerudi na maneno yale yale pembeni. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Hawa wamekaa, kwa ruhusa ya muda.

Ndiyo maana alipotangaza kustaafu, Bw. Were, ambaye sasa anasimamia madereva wote, alikuja dirishani na swali tofauti. "Mama, ukienda, hawa watafutwa?" Bi. Awinja alimwonyesha Bi. Jescah Kageha, ambaye yeye mwenyewe amemfundisha programu yote, mstari kwa mstari, kwa miaka miwili. Kisha akapeleka karatasi yake ya mwisho kwa Bw. Maina, leo meneja mkuu. Ilirudi Ijumaa. Pembeni kumeandikwa: "Majaribio yamekubaliwa. Mguu wa tano usiguswe."

Mama Awinja, asante kwa miaka yote, na kwa kila chakula cha mchana tulichokula tumesimama langoni. Uende salama Iguhu, uishi siku nyingi zenye afya na furaha. Tumesikia umenunua ndama dume. Wajumbe wetu wawili walikwenda kumkagua Jumapili, na wanathibitisha kwamba ana miguu minne.