Mkewe Alionja Kwanza: Maisha ya Protase Kashaija, 1959–1991

Litaandikwa, Pastory. Hata ukiichana karatasi hii, mimi nitasema upya na Adelgunda ataandika upya. Mimi Kokubanza, bibi yake marehemu, sikusoma, lakini mdomo ninao, na jina la mjane litasomwa kaburini pamoja na majina yetu. Jana pale Kayanga ulimshusha kwenye gari lililobeba jeneza la mumewe, mtoto akiwa mgongoni, ukamwambia, "Muuaji hapandi." Mbele za watu! Sasa kaa chini usikilize maisha ya mtoto wa kaka yako.

Protase Kashaija alizaliwa tarehe 14 Machi 1959 hapa Nyakasimbi, mtoto wa pili wa marehemu Leonidas na marehemu Therese. Wazazi wake walifariki yeye angali mdogo, mimi nikamlea pamoja na dada yake, huyu Adelgunda anayeandika.

Shule ya msingi alisoma hapa hapa, 1967 hadi 1973, kisha akaenda sekondari Bukoba. Akiwa darasa la tatu alichota maji ya bwawani kwa chupa, akaiweka dirishani, akawa anashinda anakodolea macho vidudu vinavyochezacheza humo. Nikawaambia majirani anafuga mamba, ila bado wachanga. Wiki mbili hakuna mtu aliyekanyaga kwangu kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Protase hakukasirika. Alisema tu, "Bibi, umesahau kuwawekea meno."

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1977. Vita ya 1978 ilimkuta hapa nyumbani, anapalilia migomba yangu. Ilipokwisha alikwenda chuo Dar es Salaam, na mwaka 1983 akaajiriwa kwenye kituo cha utafiti pwani ya kusini. Kazi yake ilikuwa ile ile ya utotoni: kuchota maji, safari hii ya bahari, na kuyatazama kwa hadubini. Alichokitafuta kinaitwa dinoflajelati, neno ambalo Adelgunda amelinakili kutoka barua aliyotuandikia Protase. Ni viumbe wadogo sana, jicho haliwaoni, wana mikia miwili na wanazunguka majini kama pia ya watoto. Baadhi yao hutengeneza sumu. Chaza na kome huchuja maji, wakawala, na sumu ikabaki kwenye nyama yao. Haina harufu, haina ladha, na ukichemsha haitoki.

Hayo alitueleza Krismasi ya 1989, polepole, kama mwalimu. Alipoondoka tu, nikaichukua habari yake nikaitembeza mpaka Kihanga. Viumbe nikawapa meno. Nikasema huimba mtu anapokaribia kufa. Watu walicheka hadi wakamwaga pombe. Mungu anisamehe, kwa sababu jana mwenzake wa kazini alipoleta jeneza na kueleza kilichomuua, nyumba nzima ilisema, "Si ile hadithi ya bibi?" Na wewe Pastory ulicheka, msibani kwenu.

Tarehe 6 Agosti 1988 alifunga ndoa bomani na Somoe Hemedi, binti wa huko pwani. Krismasi ya mwaka huo alipomleta kwetu nilimfundisha Somoe desturi moja: anayetoa pombe au chakula anaonja kwanza, ndipo anampa mwenzake, ajue hamna kitu. Akaniambia, "Bibi, kwetu ukionjaonja hivyo wanakuita mlafi." Lakini alishika. Tangu siku ile Protase hakula bakuli ambalo mkewe hajalionja.

Ijumaa tarehe 8 Februari 1991, Somoe alinunua kome kwa kina mama wanaookota maji yakipwa. Protase mwenyewe alisema wapikwe, kwani Jumatatu alikuwa ameyapima maji ya pale, yakawa safi. Jumatatu! Bahari haikumsubiri mpaka Ijumaa. Somoe akaonja wawili. Protase akala bakuli zima.

Hapo ndipo Pastory ananing'ang'ania. "Mama, aliyeonja mbona yuko hai?" Yuko hai kwa sababu alionja tu! Wawili na bakuli ni sawa? Naye midomo ilimfa ganzi hadi kesho yake. "Mama, umeongopa maisha yako yote, na leo tena mbele ya jeneza?" Ndiyo, niliongopa, na mamba wangu mliwaamini.

Protase alijua. Midomo ilipoanza kuwasha alimwambia mkewe, "Somoe, ni wale wa kwenye chupa. Mtoto asipewe mchuzi." Ganzi ikaja vidoleni, akasema itapanda kifuani, ikapanda. Alijua kila hatua na hakuweza kuzuia hata moja. Dawa ya kuiondoa hakuna. Alihitaji mashine ya kumpumulia, na zahanati ya pale haikuwa nayo. Alifariki saa kumi na moja jioni, akili zake timamu.

Na mimi niliyemfundisha binti wa watu kuonja, ndimi niliyempa Pastory fimbo ya kumpigia. Nimebaki na kweli moja, na sina wa kumpa.

Udongo wa Nyakasimbi umpokee taratibu, na Mungu amtulize pale sisi tuliposhindwa. Marehemu ameacha bibi mmoja, dada mmoja, Adelgunda, baba mdogo, Pastory, mtoto mmoja, Placida, wa mwaka mmoja na nusu, na mjane. Usinishike mkono, Pastory! Andika, Adelgunda. Na mjane wake, Somoe...

Nani huyo mlangoni? Vumbi jekundu hadi magotini, na mtoto amelala mgongoni. Ametembea kutoka Kayanga. Watu wote hawa, hakuna hata wa kumwambia pole? Weka kalamu chini, mjukuu wangu. Mletee maji. Onja kwanza wewe, akuone ukionja, ndipo um—