Miaka Kumi na Mitatu Isiyokuwa Yangu

Shikamooni wazazi wangu wote. Vijana wenzangu, mambo. Mtaniwia radhi, nasoma kwenye daftari. Mimi ni mtu wa kuandika, si wa kusema, nikisimama mbele za watu maneno yananikimbia. Kiongozi wetu wa vijana hapa parokiani aliponiomba nitoe ushuhuda nilimwambia sina. Akasema, "Unao, ila unauonea aibu." Ni kweli. Basi nausoma.

Sitataja jina la mtu. Hata la mdogo wangu sitalitaja, maana mama yumo humu ndani.

Sisi kwetu ni upande wa Laela, watu wa mahindi na ulezi. Baba alikuwa pia na majaruba ya mpunga kule bondeni, Mtowisa, na kila msimu tulikuwa tunashuka wote. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, mdogo wangu wa kike alishikwa na homa hukohuko bondeni. Alikuwa na miaka tisa. Mvua ilikuwa imeharibu njia, pikipiki ikazama kwenye tope, baba akambeba mgongoni. Zahanati walifika, lakini baba alifika na maiti. Tukamzika hukohuko.

Mama alipanda juu akasema bonde lile hatalikanyaga tena. Baba akabaki na mpunga wake. Hawakugombana, walishindwa tu kukaa mahali pamoja. Mimi na mama tukahamia hapa mjini, chumba kimoja, mama akapata kazi ya kuchambua maharage kwenye ghala la nafaka. Mtaani kwetu hapakuwa na mtu aliyejua kwamba mama aliwahi kuwa na mtoto wa pili. Mama hakupenda kuulizwa, na mimi sikupenda kuulizwa chochote.

Mpira niliuanza kwa sababu uwanjani huhitaji kuongea. Nilicheza na wavulana wa mtaani, baadaye nikasikia kuna timu ya wasichana. Natumia mguu wa kushoto. Siku ya majaribio kocha aliniita pembeni.

"Shikamoo kocha."

"Marahaba. Una miaka mingapi?"

"Kumi na sita."

Akasonya. "Ligi ni ya chini ya miaka kumi na tano. Mguu kama huo tuuache hivihivi?" Akatafuna kijiti alichokuwa nacho mdomoni, akaniangalia juu mpaka chini. Nilikuwa mfupi, mwembamba, sina umbo. "Una mdogo wako wa kike?"

"Nilikuwa naye."

"Yuko wapi?"

"Alifariki."

"Oo, pole sana." Akageuka kutazama uwanja. Nikadhani yameisha. Kisha akauliza taratibu kabisa, kama mtu anayeuliza bei, "Alikuwa na cheti cha kuzaliwa?"

Ndugu zangu, nawaambia, hapo ndipo nilipotakiwa kuondoka. Sikuondoka. Nilimjibu, "Kipo kwenye sanduku la mama."

Wengi wenu mnaonisikiliza mnajua jambo hili linavyofanyika. Mtu anatumia cheti cha mdogo wake, cha binamu, cha mtoto wa jirani. Watu wanasema ni kupunguza umri tu, hakuna aliyeibiwa. Mimi nilisubiri mama aende ghalani, nikafungua sanduku. Cheti kilikuwa chini kabisa, pamoja na kadi ya kliniki na kigauni kimoja cha njano. Nikakichomoa, nikazikunja nguo zirudi vilevile. Jioni mama aliniuliza mbona sili.

Nikaandikishwa kwa jina la mdogo wangu, miaka kumi na mitatu, maana ligi huhesabu umri unaotimiza mwaka huo. Wasichana wa shuleni niliwaambia hilo ni jina langu la mpira tu. Waliamini, kila mtu ana jina lake la mpira.

Sasa sikieni jinsi nilivyopanda. Kwenye ligi ya kata nilifunga magoli mengi, lakini hata nisingefunga mengi watu wangeshangaa hivyohivyo, kwa sababu ya ile miaka. "Kumi na mitatu tu? Huyu akifika kumi na nane itakuwaje?" Tukashinda kata, nikachukuliwa timu ya wilaya. Tulikwenda kucheza Laela, karibu kabisa na kijiji chetu, nikavaa kofia mpaka filimbi ilipopigwa nisije nikatambuliwa. Watu wa magunia pale stendi waliacha kupakia wakaja kuangalia. Kutoka wilaya nikaitwa kombaini ya mkoa, timu ya waliochaguliwa kutoka wilaya zote. Kila nilipopanda, nilipanda na mdogo wangu. Mtu akiliita jina lile njiani niligeuka kabla sijafikiri. Siku moja nyumbani mama aliniita jina langu mara tatu, sikusikia.

Mwezi wa saba, tarehe ile aliyozaliwa mdogo wangu, wenzangu walinivizia baada ya mazoezi wakanimwagia maji ndoo nzima. "Heri ya kuzaliwa, mtoto. Leo umekua." Nilicheka nao. Mnaujua upepo wetu wa mwezi wa saba. Nilifika nyumbani natetemeka, mama alikuwa amekaa kitandani, hajawasha jiko.

"Umelowa na nini?"

"Mvua, mama."

"Mvua gani ya mwezi wa saba?" Lakini hakusubiri jibu. Alikuwa ameshikilia rozari na macho yamevimba. Siku hiyo mimi nilikuwa nimesherehekewa, yeye alikuwa analia, na sababu ilikuwa ileile moja. Nililijua hilo nikalala.

Ikaja fainali. Kulikuwa na mtu ametoka kwenye kituo cha kulea vipaji, mbali, huko pwani, kituo ambacho ukichukuliwa unasoma na kula bure. Mama hakuwahi kuniona nikicheza, Jumamosi ni siku yake ya kazi. Lakini siku hiyo akina mama wenzake wa ghalani walimwambia, "Wewe nawe, mwanao anaimbwa mji mzima, unakaa na maharage? Twende." Akaenda kuvaa kitenge chake cha misa. Hilo la kitenge ndilo linaloniumiza mpaka leo. Alikuja akiwa na furaha.

Kipindi cha pili nilifunga. Uwanja mzima ukaanza kuliimba lile jina. Nikageuka upande wa watazamaji mikono juu, nikamwona mama amesimama kati ya wanawake waliokuwa wanaruka. Yeye haruki. Baadaye niliambiwa alimuuliza msichana aliyekaa mbele yake, "Mnamwita nani?" Akajibiwa, "Si yule namba saba, mama. Ana miaka kumi na mitatu tu, ni balaa." Mama akakaa chini kwenye vumbi.

Nilimwona anakaa. Nataka niwe mkweli, ndiyo maana nimeandika: nilimwona, na nikacheza dakika zote zilizobaki. Nikafunga goli lingine.

Niliporudi, sanduku lilikuwa wazi na nguo zote zimepangwa kitandani. Mama hakunipiga. Alisema, "Mimi nilimzika mara moja. Wewe umemfukua kila Jumamosi." Kisha akauliza, "Karatasi ya mwanangu iko wapi?"

Sikuwa nayo. Ilikuwa kwa kocha, na kocha alikuwa ameshaipeleka ofisi ya mpira pamoja na makaratasi mengine. Mama aliacha kuongea nami. Alipika, alinisukumia sahani, alikwenda kazini. Wiki baada ya wiki. Chumba kimoja, ndugu zangu.

Kocha akaja nyumbani na fomu. Nilikuwa nimechaguliwa na kile kituo cha pwani. Alikuwa na furaha ya kweli, hata soda alituletea. "Mama, binti atasoma, atakula, atavaa, wewe hutoi hata senti. Inatakiwa saini ya mzazi tu." Mama akaivuta fomu akaisoma polepole, kidole juu ya mstari. Jina la mtoto: la mdogo wangu. Akasema, "Mwalimu, mimi nilizaa mabinti wawili. Mmoja yuko ardhini. Nikitia saini hapa, huyu wa pili nimweke wapi?"

Kocha akacheka kidogo. "Mama, hayo ni ya kwenye karatasi tu."

"Hata yule wangu amebaki kwenye karatasi tu," mama akasema. "Na hiyo karatasi mmeichukua."

Hapo ndipo nilipogeuka. Hakuna sauti niliyosikia kutoka mbinguni. Niliona tu kwamba nikienda pwani, kule darasani, bwenini, kwenye mitihani, nitaitwa yeye mpaka nife, na mama atabaki hana mtoto hata mmoja mwenye jina lake. Kesho yake nilikwenda ofisi ya mpira peke yangu. Nilimkuta mzee mmoja wa makamo, nikamwambia yote nikiangalia viatu vyangu. Akaweka kalamu chini. "Binti, una uhakika? Ukishalisema hili siwezi kujifanya sikulisikia."

Nikasema, "Nataka cheti cha mdogo wangu."

Msidhani mambo yakawa mazuri. Timu ilipokonywa kombe. Wasichana zaidi ya kumi waliokuwa na umri wao halali, waliotoa jasho lao, wakafutiwa kila kitu. Kocha alifungiwa, akahama mji. Mimi nilifungiwa misimu miwili. Kituo kile hakikuniuliza tena; wao walimtaka wa miaka kumi na mitatu. Sokoni vijana walinipisha njia, "Jamani, kaeni pembeni, marehemu anapita." Wengine, "Mzimu, leo hufungi?" Niliacha kutoka. Nilikaribia kuacha shule. Kuna siku niliandika kwenye daftari hili kwamba ingekuwa afadhali homa ile ingenichukua mimi. Nalisoma hapa ili mjue nilifika wapi.

Cheti kilirudi baada ya wiki nyingi. Kilikuwa kimetobolewa matundu mawili ya faili na kugongwa muhuri. Mama alipitisha kidole kwenye yale matundu, akakirudisha sandukuni, akasema, "Kula, chakula kinapoa." Ndilo neno la kwanza aliloniambia tangu usiku ule wa sanduku.

Namshukuru mama yangu kwa neno hilo. Namshukuru yule mzee wa ofisini, alikuja kumwomba mama msamaha kwa ule muhuri ingawa si yeye aliyeugonga. Na namshukuru mlinda mlango wetu, binti wa watu wenye duka mtaani kwetu, ambaye naye alipoteza kombe kwa ajili yangu. Huyo alikuja mlangoni kwetu na mpira kwapani. "Sijakusamehe," akasema. "Ila hakuna mwingine anayepiga kushoto. Nitajifunzia kwa nani? Toka nje." Nilimpigia mashuti jioni ile mpaka mikono yake ikawa myekundu. Akawa anarudi kila wiki, na kila wiki alinikumbusha kwamba hajanisamehe.

Sasa nina miaka kumi na minane na kifungo kimeisha. Niko timu ya wanawake, naanzia benchi. Kocha wetu wa sasa anasema mimi ni mchezaji wa kawaida mwenye bidii. Labda ndivyo nilivyokuwa siku zote. Aliyewashangaza watu ni mtoto wa miaka kumi na mitatu, na huyo hakuwahi kugusa mpira ule. Sitajua kamwe ningefika wapi kwa miaka yangu mwenyewe. Ninyi vijana mnaopewa vyeti vya wenzenu, hilo ndilo mnaloibiwa. Na ninyi wazazi na walimu mnaotoa vyeti hivyo, ulizeni kwanza karatasi hiyo ni ya nani na nani anailia.

Nimemaliza. Naona wengine mmeshainua mikono, naomba msinipigie makofi. Wengi wenu mlikuwa uwanjani siku ile. Mlipiga ya kutosha, na mama yangu aliyasikia yote.