Jinsi Nilivyojifelisha Mwenyewe Chuoni

Ndugu zangu, jina la Bwana litukuzwe! Hapana, hiyo si sauti. Mama zangu wa kwaya mmekunywa chai na mandazi asubuhi hii, nimewaona kwa macho yangu. Jina la Bwana litukuzwe! Haya, sasa mmeamka.

Mnanijua, mimi ni Mama Baraka, yule anayekuja kwenu na ngazi na bisibisi taa zikigoma. Mliohamia mtaa huu wa La Rochelle juzijuzi mnadhani nilizaliwa fundi. Wapi! Nilipoingia nchi hii ya huku kusini mwa Afrika nilikuwa msusi kule mtaa wa Yeoville, na hata kubadilisha balbu nilikuwa namwita jirani. Leo nashuhudia jinsi Mungu alivyoniokoa na aibu ambayo hakuna mtu aliyenipa. Nilijipa mwenyewe.

Nilitoka Bukavu nikiwa nimebakiza mwaka mmoja kumaliza sekondari. Vita vikaja, shule ikafungwa, nikaolewa, nikazaa, tukakimbia. Ninyi Wakongo wenzangu mnajua. Kwetu matokeo hayatolewi kimyakimya. Kuna proklamasio: wazazi wanajaa uwanjani, mkuu wa shule anasimama na karatasi, anasoma majina na alama mbele ya watu wote. Jina lako likisomwa, ndugu zako wanakumwagia poda kichwani mpaka unafanana na mtu aliyetoka kusaga unga. Lisiposomwa, hakuna wa kukueleza, unainamisha kichwa unaondoka. Mimi langu halikuwahi kusomwa popote. Liliniuma hilo, ndugu zangu. Nilikuwa nasuka watu huku nacheka, na ndani linaniuma.

Mwanzoni mwa 2016 nikajiandikisha kusoma umeme katika chuo kimoja kikubwa, mbali na katikati ya jiji, vibasi viwili vya taksi kutoka Yeoville. Jamani, kile chuo! Nikikikumbuka hata sasa moyo wangu unalainika. Siku ya kwanza foleni ilizunguka jengo zima ikatokea upande wa pili, na mimi nikapanga foleni nusu saa nikagundua ni ya watu wa upishi. Kulikuwa na watu wa kila namna. Vijana waliomaliza shule mwezi mmoja nyuma, akina mama wenye watoto mgongoni, wazee wenye mvi wanaotaka cheti cha kazi waliyoifanya miaka ishirini. Waashi walipita na vumbi la saruji, wapishi na kofia nyeupe, na kila saa nne asubuhi harufu ya mikate ilitoka darasani kwao ikatutesa sisi wa umeme. Nje ya lango mama mmoja aliuza magwinya ya moto, yale maandazi makubwa yasiyo na sukari, na wengi wetu hayo ndiyo yaliyokuwa chakula cha kutwa. Wakati wa baridi tuligombea viti vya maktaba vilivyo karibu na hita. Nilipewa kitambulisho chenye picha yangu, nikakitazama ndani ya taksi mpaka nikapitiliza kituo.

Na karakana! Kila mtu na ubao wake, swichi yake, balbu yake. Siku balbu yangu ilipowaka mara ya kwanza nilipiga kigelegele, mwalimu akaruka akidhani nimepigwa na umeme. Meza moja nilikaa na Baba Dumisani, Mzulu wa makamo, mlinzi wa duka. Alikuwa anakuja darasani moja kwa moja kutoka zamu, basi akisinzia namchoma na penseli. Yeye alinifundisha kuchora, mimi nikamfundisha hesabu, maana hesabu za kwetu hazina mchezo. Tukacheka sana, mimi na yule baba. Siku zile nilikuwa na furaha ambayo sikuijua tangu utotoni.

Tukafanya mtihani wa muhula wa kwanza. Mwalimu akasema matokeo yatatoka Jumatatu. Hakusema zaidi ya hapo, na mimi sikuuliza, kwa sababu nilidhani najua.

Ndugu zangu, msinicheke. Jumatatu ile nilivaa kitenge kipya. Nikawabeba mume wangu, watoto wote watatu, na mama wanne wa kwaya, hawa waliokaa pale mbele, wanajijua. Mama Esther alikuwa na kopo la poda kwenye mkoba. Tukafika saa tatu, tukasimama uwanjani, tukangoja mkuu wa chuo atoke na karatasi. Saa nne. Saa sita. Wanafunzi walikuwa wanakuja wawili watatu, wanatazama simu zao, wengine wanarukaruka na kukumbatiana, wanaondoka. Yangu ilikuwa kimya. Nikajiambia, kumbe waliopita wamepigiwa. Wewe hujaitwa.

Kumbe matokeo yalikuwa pale kwenye dirisha la ofisi! Unataja namba yako ya mwanafunzi, ile wenzangu waliyokuwa wanaisoma kwenye simu zao, unapewa karatasi yako, basi. Dirisha lilikuwa hatua thelathini kutoka niliposimama. Lakini kwetu anayekwenda ofisini baada ya matokeo ni yule aliyeanguka, anakwenda kulialia aongezewe alama. Mimi na kitenge changu kipya nikalialie mbele ya mama wa kwaya? Saa nane nikawaambia, "Nimeanguka. Twendeni." Njia nzima ndani ya taksi mume wangu alinishika mkono.

Nikaacha chuo. Ovaroli yangu ya bluu nikaichanachana, nikaifanya matambara ya kufutia sakafu. Nikarudi kusuka kutwa nzima. Hata kuomba niliacha, ndugu zangu, nalisema hili mbele ya mchungaji. Nilimwambia Mungu, kama ulikuwa hutaki nisome ungesema mapema. Wiki mbili zikapita hivyo.

Ijumaa moja, kama saa saba mchana, nilikuwa nimemkalisha Bi Zuhura. Huyu ni mama wa Kiislamu kutoka Tanga, mteja wangu wa siku nyingi, anasema kidogo na anaona kila kitu. Kesho yake alikuwa na harusi ya mpwa wake. Nilikuwa nimefika nusu ya kichwa: upande wa kulia rasta ndogondogo safi, upande wa kushoto nywele zimesimama. Mlango ukafunguliwa, akaingia Baba Dumisani, jasho linamtoka.

Mnaijua Yeoville ilivyo na saluni. Yule baba alikuwa amezipita zote kuanzia juu ya barabara, anauliza habari za mama wa Kongo mwenye mwanya anayecheka kwa nguvu. Alikuwa amelidanganya dirisha la chuo kwamba mimi ni mgonjwa nimemtuma yeye, wakampa karatasi yangu. Hakunisalimia hata. Akasimama katikati ya saluni, akavaa miwani, akasoma jina langu lote, jina la baba yangu na la ubini, akalivunjavunja vibaya, kisha alama. Hesabu, themanini na mbili. Sayansi, sitini na nane. Nadharia ya umeme, sabini na tano. Kuchora, hamsini na moja, hapo akanitazama juu ya miwani. Nimepita yote. Vyuma vya kunyooshea nywele vikabaki hewani. Nililia, ndugu zangu. Nilikaa chini sakafuni nikalia kama mtoto.

Naye akakunja karatasi akasema maneno ambayo sitayasahau: "Mama, kuandikisha muhula wa pili kunafungwa leo saa tisa na nusu. Baada ya hapo nafasi yako wanampa mtu mwingine. Simama."

Nikatazama saa. Nikatazama kichwa cha Bi Zuhura. Nikaanza kumwambia Baba Dumisani kwamba haiwezekani, nina mteja, ana harusi. Bi Zuhura hakuniacha nimalize. Akajifunga mtandio wake juu ya ile nusu, akasema, "Nenda zako, Mama Baraka. Mimi nipo."

Tulikimbia. Karatasi yangu ya ukimbizi, ile wanayoitaka ukijiandikisha, ilikuwa kifuani kama siku zote. Taksi ya kwanza, tukabadilisha mjini, ya pili ikakwama kwenye robot moja, hizi taa za barabarani, mpaka nikaanza kukemea kwa jina la Yesu, dereva akanitazama kwenye kioo. Tukaingia langoni saa tisa na robo. Foleni ilikuwa na watu wanne. Nilipoandikwa, dada aliyekuwa dirishani akavuta pazia nyuma yangu.

Nilirudi Yeoville na Baba Dumisani jioni, saa kumi na mbili na zaidi. Nikajua Bi Zuhura ameshaondoka, maana wasusi wenzangu watatu walikuwepo na yeyote angeweza kummalizia. Nikafungua mlango. Alikuwa kwenye kiti kilekile, na mtandio wake. Wenzangu wakaniambia walimsihi mara tatu, akakataa. Nikamuuliza, Bi Zuhura, kwa nini hukumaliziwa ukaenda kwenu?

Akasema, "Ningekwenda, ningejuaje kama wamekuandika?"

Ndugu zangu, Mungu nilikuwa nimemnunia wiki mbili. Na yeye alikuwa amemkalisha mtu kwa muda wa saa tano, nusu ya kichwa haijasukwa, ananingoja mimi. Nikapiga magoti pale pale nikatubu. Halafu nikasimama nikamsuka, na Baba Dumisani akatuletea chai.

Nilisoma mpaka 2019, nikapata cheti changu. Asante Mungu, asante mume wangu, asante mama wa kwaya ambao mpaka leo hamjanitania mbele ya watu. Wewe uliyekaa hapo umeshajihukumu kwamba umeanguka, nani amekuambia? Ulikwenda kuuliza? Mtumaini Bwana, halafu uende dirishani. Jumatatu chuo kinaanza kuandikisha. Mimi saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa nje ya lango hili la kanisa. Njoo na karatasi zako, tutapanga foleni pamoja, na mpaka wakuandike sitaondoka.